Serumu ya Misa ya Kwanza

Vichupa thelathini vilitoka kwenye mashine ya kuzungusha, na ishirini na saba kati yake vilikuwa vyeupe.

Kanyere, mpimaji wa maabara, alikiinua cha kwanza kwenye mwanga wa dirisha, akakirudisha, akainua cha pili. Serumu ni yale maji yanayobaki juu damu ikishaganda na kuzungushwa, na kila aliyewahi kuyashika anaijua rangi yake: manjano ya chai ya mchaichai iliyotiwa majani machache. Haya hayakuwa hivyo. Yalikuwa kama maji yaliyooshewa mchele. Alipoweka kidole nyuma ya kichupa, kidole kilipotea.

"Shefu," aliita. "Kuja kidogo uone."

Mukendi, mkuu wa maabara, alikuja na miwani mkononi. Alikuwa mtu wa Kasai, katikati ya Kongo, ameletwa Butembo, huku mashariki, kikazi miaka mitatu iliyopita, na mpaka leo alivaa makoti mawili asubuhi kwa sababu ya baridi ya milima hii. Kiswahili alikisema polepole, kama mtu anayevuka mto juu ya gogo.

"Hii ni serumu ao ni supu?"

"Sijui, Shefu."

"Batu ya kule kwenu ku kilima banakunywa maziwa namna gani?"

"Uache kutukana milima yetu."

"Hapana kutukana. Niko nauliza tu."

Wakacheka, kisha wakavirudia vichupa, maana serumu ile ndiyo ilikuwa uti wa mgongo wa kazi yote.

Ndani ya friji ya barafu kulikuwa na vichupa vingine mia moja na kumi na viwili, vya watu wa Mangina, ule mji wa wakulima magharibi ya Beni ambako mlipuko wa Ebola wa mwaka 2018 ulianzia. Hawa hawakuugua. Waliwauguza wagonjwa, wakawalisha, wakawaosha, wakabaki wazima, na utafiti ulitaka kujua kama ugonjwa uliwahi kupita kimyakimya ndani ya miili yao. Mwili uliokutana na Ebola hubaki na kingamwili zake kwenye serumu miaka mingi. Unadondosha serumu kwenye kibao chenye vishimo tisini na sita, unatia dawa moja baada ya nyingine, na mwishowe rangi inatokea. Rangi nzito, kingamwili nyingi. Rangi nyepesi, hakuna kitu.

Lakini nzito kuliko ipi? Hapo ndipo ulipo ujanja wote. Hakuna serumu isiyotoa rangi kabisa, kwa hiyo lazima kwanza uchukue ya watu ambao ugonjwa haukuwafikia, uipime, na juu ya rangi yao ndogo uchore mstari. Atakayevuka mstari, huyo amekutana nao. Dawa za kupimia zilikuwa zimekuja kwenye sanduku pamoja na serumu ya kulinganishia, iliyotolewa kwa Wazungu ambao hawajawahi kulala na malaria wala kufuga minyoo tumboni. Kanyere aliijaribu mwezi uliopita. Kwa mstari ule, watu wanne kati ya kumi wa kilima kimoja cha upande wa Lubero walionekana kuwa wamekutana na Ebola, na Ebola haikupanda kilima kile hata siku moja. Damu ya huku imepigana vita vingi tangu utotoni. Mstari wa wageni ulikuwa chini mno kwetu.

"Tuchore mustari yetu," alikuwa amemwambia Mukendi. "Na damu ya hapa."

Mukendi alikubali, na vile vichupa thelathini vikaletwa kutoka kilima kile kile, nyumbani kwao Kanyere. Wakubwa wa utafiti walioko Kinshasa walikubali pia, ila walitoa siku: Jumatatu. Mstari ukikosekana siku hiyo, vichupa vya Mangina vitapelekwa kwenye uwanja wa ndege wa Rughenda, vipakiwe kwenye ndege, vikasomwe Kinshasa zamu yao ikifika. Na zamu ya Kinshasa haina kalenda.

Kanyere alikuwa amempa mtu neno lake.

Mtu huyo aliitwa Kitsa, mkulima wa kakao wa Mangina. Julai ya mwaka ule wa 2018 alimuuguza mkewe siku nane ndani ya chumba kimoja, akamzika, na yeye hakuumwa hata kichwa. Tangu siku hiyo ndugu za marehemu wakasema hivi: mtu aliyeshika maji ya mwili ule asingebaki. Kama amebaki, basi alikaa nje ya mlango akamwacha dada yetu afe peke yake. Miaka saba hawakula tena nyumbani kwake. Kila Julai, kwenye misa ya kumwombea marehemu, walikaa benchi la upande wa pili.

Kanyere alipokwenda kumtoa damu, mzee alikunja shati mwenyewe.

"Mutoto yangu, miye sitafute dawa," alisema. "Nataka mutu aangalie mu damu kama niliingia mu ile chumba."

"Damu haina kusema chumba, Papa Kitsa. Inasema tu kama mwili ilikutana na ugonjwa."

"Hiyo inatosha. Miye nyumba yangu ilikuwa na chumba moya."

Kanyere akamwahidi kwamba jibu atalisikia kwa mdomo wake, kabla ya misa ya Julai. Sasa ilikuwa Jumanne ya mwisho wa Juni, na mkononi alikuwa na maji ya mchele.

Alijaribu kuyapima hivyo hivyo. Serumu ya mtu mmoja, ikiwekwa kwenye vishimo viwili, ilitoa majibu mawili, kama shahidi aliyehongwa na pande zote. Akaviweka vichupa kwenye friji, akaenda nyumbani na uso mzito.

Asubuhi ya Jumatano alivifungua, na juu ya kila kichupa kulikuwa na utando mweupe, mnene, umejitenga na maji ya chini. Kanyere alikua kwenye kilima chenye ng'ombe. Utando wa namna ile, wa maziwa yaliyolala, aliujua tangu utotoni. Walikuwa wakiukwangua kwa kijiko kabla mama hajaamka.

"Shefu, haya ni mafuta."

"Mafuta ya nini?"

"Ya kula."

Akavitazama vile vichupa vitatu vilivyotoka safi, akasoma namba zake, akatafuta majina kwenye daftari lake la siri, kisha akatoka uani na simu. Damu ile yote ilikuwa imetolewa na wenzake, yeye akiwa Butembo, nyumbani kwa Mama Hulda, mdogo wa mama yake mzazi, ambaye ua wake ndio mpana kuliko wote kilimani.

"Mama mudogo, siku ile batu balitoa damu kwako, balikula?"

"Unaniuliza ile swali namna gani?" Sauti ya Hulda ilijaa fahari mpaka simu ikakwaruza. "Kila mutu nilimupatia sahani muzima. Maharagi, viazi, avoka, na ile nguruwe tulichinja. Mafuta yake yote niliiweka mu maharagi. Sikumwanga ata kijiko moya."

Kanyere alifumba macho. "Mbele ya sindano?"

"Mbele, ndiyo. Kisha ya sindano, nguvu ingesaidia nini?"

"Na Rébecca, alikula?"

"Rébecca alikuwa na jino. Alikunywa maji ya moto tu, masikini."

"Sadrack?"

"Ule alichelewa ku shamba. Alikuta niko naosha sufuria. Ile haya niko nayo mupaka leo. Juu ya nini unauliza, banasema hakushiba?"

"Hapana, Mama mudogo. Na mwalimu Antoinette?"

"Antoinette ni Mwadventista, hapana kula nguruwe. Alikula kiazi moya ya maji, bila ata mafuta. Miye niliona ni kama kumufunga jela."

Watatu wasioonja nguruwe, vichupa vitatu safi. Kanyere alirudi ndani, akamweleza Mukendi, na Mukendi akaketi juu ya kiti chenye magurudumu, akacheka mpaka akafungua koti moja.

"Kule kwetu Kasai, mutafiti akiharibu kazi ni juu ya njaa. Hapa kwenu ni juu ya shibe." Kisha akavaa miwani. "Bien. Utaanza upya? Kuko siku ine tu."

"Nitaanza upya. Na hawa ishirini na saba tu. Batatu beko safi."

"Na mama yako mudogo? Utamwambia nini?"

Hilo ndilo lilikuwa gumu. Mashine haina haya, mtu anayo. Kwenye kilima kile hupokei kitu kikubwa kutoka kwa mtu kabla hujamlisha. Anayekuja kukujengea, anakula kwanza. Anayekuja kukuposea binti, anakula kwanza. Sembuse anayekuachia damu yake. Kumwambia Hulda asiwalishe watu ni kumwambia awaibie.

Siku mbili Kanyere alitafuta maneno ya kumwambia. Jumamosi mchana alipanda pikipiki mpaka kwake, akamkuta amekaa kwenye kigoda, anamenya viazi. Hakusema neno la kazi. Alichukua kisu cha pili, akamenya naye. Lundo lilipofika nusu ndipo alipoeleza.

Hulda alisikiliza bila kuinua macho.

"Donc damu ya batu yangu ni muchafu."

"Hapana muchafu. Iko na nguruwe yako ndani."

"Na ile ni mubaya? Mutu mwenye mafuta mu damu ni mutu anakula."

"Ni muzuri kwa mutu, Mama mudogo. Kwa mashine ni mubaya. Mashine inatafuta rangi, na mafuta inaifunga macho."

"Sasa unataka nibaache na njaa, kisha wewe ubachome." Hulda alitupa kiazi kwenye beseni, maji yakaruka. "Ata mbuzi ya kuchinja banaipatia majani kwanza. Batasema Hulda alizeeka, alikuwa mwizi. Anaita batu ku kiwanja yake, anabatoa damu, anabafukuza. Na wewe, ulisoma miaka yote ile mu Butembo juu ya kuja kunifundisha kunyima batu chakula?"

"Nilisoma juu ya kuona mafuta mu kichupa."

"Ata paka inaona mafuta."

Kanyere alichukua kiazi kingine. Alimfikiria Papa Kitsa na benchi lake. Akataka kumsimulia Hulda habari zake, lakini siri ya mgonjwa si chumvi, huimwagi kwenye kila chungu. Alisema tu: "Kuko mutu fulani, Mama mudogo, jina yake iko inangojea hii damu. Kama haiko safi, jina yake itabaki chini."

Hulda akamwangalia kwa mara ya kwanza. Sauti yake ilishuka, ingawa haikusalimu amri.

"Ninasikia. Mais mu hii kilima, kitu moya tu ndiyo mutu anapokea na tumbo butupu, ni Mwili wa Bwana. Ingine hapana."

Kanyere aliweka kisu chini.

"Mama mudogo, misa ya kwanza ni saa ngapi?"

"Kumi na mbili na nusu. Ao ku Butembo ulishaacha kusali?"

"Na wale ishirini na saba, ngapi banaenda misa ya kwanza?"

"Bote. Ya pili ni ya bavivu."

"Na mbele ya misa banakula?"

Hulda aliacha kumenya. Alikuwa mjanja kuliko mpwa wake. Alikwishafika kabla hajaitwa.

"Padri anasema kufunga saa moya inatosha," alisema taratibu. "Sisi tulifundishwa na ba mama zetu. Kisha chakula ya jioni, hakuna kitu mupaka komunyo." Akafuta mikono kwenye kitenge. "Na sufuria yangu itakuwa wapi?"

"Ku mulango ya salle ya parokia. Sindano ndani, sufuria inje."

"Na nguruwe?"

"Nguruwe yote. Na mafuta yote. Lakini kisha."

"Na leo jioni nitapita kila nyumba, nibaambie bapike sombe ya maji tu," Hulda alisema, yaani kisamvu bila tone la mafuta, kana kwamba wazo lile lilizaliwa tumboni mwake. Alikuwa amekwishakuwa mkuu wa utafiti.

Jumapili, wimbo wa mwisho ulipokatika, ukungu ulikuwa bado umelala kwenye mikalitusi. Ndani ya ukumbi wa parokia Kanyere alikuwa amepanga meza, sindano, pamba na vichupa vyenye kofia nyekundu. Watu walitoka kanisani wakaingia moja kwa moja, shati za Jumapili zimekunjwa mpaka kwenye kiwiko, wakipiga kelele kwamba wamekuja kumalizia sadaka. Kila mmoja alitoa vijiko viwili vya damu. Kila mmoja alitoka na kipande cha pamba mkononi, na pale mlangoni alimkuta Hulda amesimama mbele ya sufuria na mwiko ameushika kama fimbo ya askofu.

"Onyesha mukono."

Pamba ikionekana, sahani inajaa. Isipoonekana, rudi ndani. Watoto na wake za watu walioona mambo yale wakaanza kuuliza pamba inauzwa wapi.

Maliro, mwimbaji wa sauti nzito, alijaribu kuingia ndani huku akijifuta mdomo. Hulda alimshika kola.

"Pumua."

"Mama Hulda, niache, niko nachelewa."

"Pumua, nimesema." Alinusa, harufu ya parachichi ikamfikia. "Avoka."

"Ni kipande tu. Sauti ilikuwa imekauka."

"Sauti yako inaimba na mafuta? Muone, ule aliimba komunyo na avoka mu shavu."

"Kisha komunyo," Maliro alijitetea. "Nilikula kisha komunyo, naapa."

Ua mzima ulicheka. Kanyere akamfuta kwenye orodha, na Hulda, baada ya kumsimamisha nyuma ya mstari mpaka watu wote wapate, alimpakulia sahani sawa na wengine, maana mkosaji naye ana tumbo.

Ishirini na sita wa Jumapili, na watatu wa zamani. Ishirini na tisa.

Jumatatu saa tatu Mukendi alikiinua kichupa dirishani, akaweka kidole nyuma yake. Kucha ilionekana, na hata mstari mdogo wa udongo chini ya kucha.

"Sasa hii ni serumu," alisema.

Waliipima kila serumu kwenye vishimo viwili, na safari hii kila shahidi alisema neno moja. Waliijaza karatasi, wakapiga hesabu, wakarudia hesabu. Mstari ulikaa juu sana kuliko ule wa sandukuni. Mukendi alipiga simu Kinshasa mbele ya Kanyere, akasimama wima kama anaongea na mtu aliyemo chumbani, akasema kwa Kifaransa kwamba ndege ya Rughenda iende bila wao. Alipokata simu alivua koti la pili. Ilikuwa mara ya kwanza.

Siku mbili walipima vichupa vya Mangina. Watu wengi ambao mstari wa wageni ungewaita waathirika walibaki chini ya mstari wa kilimani. Walikuwa hawajakutana na chochote zaidi ya malaria ya kila siku. Wachache waliuvuka. Kanyere hakufungua daftari la majina mpaka kibao cha mwisho kilipotoka. Kisha alitafuta jina la Papa Kitsa: namba sitini na nne.

Ijumaa aliteremka Beni kwenye joto, na kutoka Beni alibebwa na Phinées, dereva wa pikipiki aliyezijua bariyeri zote za barabarani kwa majina ya askari wake. Walifika Mangina jua likiwa juu. Papa Kitsa alikuwa amepiga magoti kwenye turubai, anageuza kakao ili ikauke. Alimwona, hakuinuka. Aliendelea kugeuza, kama mtu asiyetaka kuharakisha habari.

"Ulikuja wewe mwenyewe," alisema.

"Nilikuambia nitakuja mimi mwenyewe."

Alikaa karibu naye juu ya ukingo wa turubai. Alimweleza taratibu, bila kupamba: mwili wake ulikutana na Ebola. Hakuna shaka. Iliingia, mwili ukaishinda bila kumlaza. Damu haisemi siku, wala haisemi chumba.

"Mais inasema nilikutana nayo."

"Inasema hivyo."

"Na kuko mutu mu Mangina alinikuta nikiuguza mutu mwengine?"

"Hilo unajua wewe, Papa."

Kitsa aliokota punje moja ya kakao, akaivunja kwa meno, akatafuna muda mrefu. Macho yake yalikuwa yamelowa lakini uso ulikuwa umetulia, kama uso wa mtu aliyetua mzigo na bado anauhisi begani.

"Uliandika mu karatasi?"

Aliandika. Mukendi alikuwa ametia sahihi, na muhuri wa maabara uligongwa mara mbili, maana mmoja ulitoka hafifu. Mzee aliisoma yote, muhuri na yote, akaikunja mara nne, akaiweka mfuko wa shati, upande wa moyo.

"Misa ni Jumamosi ijayo. Nitaibeba. Bakiniuliza, nitaitoa. Basipouliza, iko hapa." Akapiga mfuko. "Na mulijuaje ni kweli? Mashine inaweza kudanganya."

Ndipo Kanyere alipomsimulia habari ya kilima: sahani za kwanza, utando mweupe, misa, pamba, na avoka ya yule mwimbaji, ambaye hakumtaja jina. Kitsa alicheka mpaka akashika ukingo wa turubai. Phinées naye, aliyekuwa ameegemea pikipiki yake, akacheka.

"Batu ishirini na tisa balishinda njaa juu yangu," mzee alisema. "Na habanijui."

"Habakujui."

Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na bidoni ya lita tano ya mawese, nyekundu, nzito, imefungwa kwa jani la mgomba mdomoni. Akampa Phinées aifunge nyuma ya pikipiki, kando ya sanduku tupu la barafu.

"Peleka kwa ule mama wa sufuria," alimwambia Kanyere. "Muambie ni ya batu yake bote. Lakini bakule kisha."

"Papa Kitsa, damu tulishamaliza kutoa."

"Siku moya mutarudi kutoa ingine," alisema, akapiga magoti tena kwenye kakao yake. "Muambie: kisha."